Kulaza Mashini ya Boti Msimu wa Kusi

Mkwiro haina gari. Kijiji kiko ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, na anayetaka kwenda dukani Shimoni, hospitali Msambweni au benki Ukunda huanza safari yake majini. Kile ambacho pikipiki inamfanyia mtu wa Diani, mtu wa Mkwiro anafanyiwa na boti na mashini yake. Boti za kuvusha watu hadi Shimoni hazipumziki mwaka mzima. Lakini zile za kupeleka watalii Kisite kuangalia pomboo na matumbawe, na zile za wavuvi wanaotoka nje ya mwamba, nyingi hulala kwa miezi. Kusi huanza kuvuma Aprili, masika huja nayo, watalii hupungua hadi katikati ya mwaka, na bahari ya nje huchafuka hata boti ndogo ikawa haina biashara huko. Chombo hupandishwa pwani, mashini ikafunguliwa, ikaegemezwa ukutani na kufunikwa turubai. Matlai ikiingia Oktoba mashini inarudishwa, kamba inavutwa, na haiwaki.

Makala haya ni ya miezi hiyo ya katikati. Mashini inayofanya kazi kila siku ina kinga yake: maji yanapita, mafuta yanazunguka, chumvi haipati nafasi ya kukauka. Inayoliwa ni ile iliyolala. Maadui zake wakubwa ni wawili, chumvi iliyobaki kwenye njia za maji na petroli iliyobaki kwenye kabureta, na wote wawili huzuiwa siku moja tu, siku ya kulaza. Ukiikosa siku hiyo, turubai zuri halitakusaidia.

Pipa kabla ya kila kitu

Mashini ya boti haina rejeta. Huvuta maji ya bahari kwa pampu iliyo mguuni, ikayapitisha kwenye vijia vyembamba kuzunguka silinda, kisha ikayatoa. Ule mchirizi unaoruka ubavuni ndio ushahidi kwamba pampu inavuta. Sasa, lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Mashini ikizimwa ikiwa moto, maji yaliyosalia kwenye vijia hukauka na chumvi hubaki, leo tabaka, kesho tabaka. Siku chache za kazi hazina neno kubwa kwa sababu maji mapya huyeyusha sehemu yake. Miezi mitano ya kulala ni jambo jingine: chumvi huganda kama jiwe, huvuta unyevu wa hewa ya pwani, na huanza kuila alumini kutoka ndani mahali ambapo jicho halifiki. Mashini ikiamshwa, kijia kilichoziba hupeleka joto kwenye silinda, na kilichoharibika hapo ni ghali kuliko vitu vyote.

Dawa yake inajulikana, ni kuisafisha kwa maji matamu. Shida iko kwenye maji. Vitabu vya watengenezaji huandika kwamba ufungue bomba na uache mashini iungurume dakika kumi. Wasini ni kisiwa cha jiwe la matumbawe, hakina mto wala kijito, na kwa vizazi watu wake wamekunywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye majabia na mapipa, au maji ya mitungi iliyovushwa kutoka bara. Hakuna mama wa Mkwiro atakayekubali maji ya kunywa yamwagwe kwenye mashini, na ana haki. Hapa ndipo wengi wanapoacha kusafisha, wakaifuta mashini kwa kitambaa juu juu na kuilaza na chumvi yake.

Njia ipo, na kusi yenyewe ndiyo inayoileta. Msimu unaosimamisha boti ndio unaoleta masika. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mabati lenye mita za mraba 40 huangusha lita 400 za maji, ukiacha kidogo kinachorukia nje. Mvua ya kwanza iache ipite, maana inaosha vumbi na vinyesi vya ndege, na mabati ya pwani yana chumvi iliyoletwa na upepo. Ya pili na ya tatu, kinga. Ila usiifungue mashini wiki mbili kabla ukawa unasubiri mvua, kwa sababu hizo ndizo wiki ambazo chumvi inakauka. Iache kwenye boti iendelee na kazi ndogo ndogo mpaka maji yawe tayari, halafu itoke baharini na iingie kwenye pipa siku hiyo hiyo.

Pipa linalofaa ni lile la lita 200 lililokatwa mdomo. Toa propela kwanza, isije ikavuruga maji na kukata mtu. Futa mashini nje kwa kitambaa chenye maji matamu, kisha ifunge kwenye ubao imara na kuzamisha mguu mpaka maji yapite lile bapa lililo juu ya mahali pa propela, kiasi cha vidole vinne. Weka gia huru, washa, acha iungurume polepole. Dakika mbili hazitoshi. Mashini nyingi zina thamostati, na mpaka mashini ipate joto, maji hayafiki sehemu za juu ambako chumvi ndiko inakojificha. Weka kiganja kwenye kichwa cha silinda. Pakishika joto, hesabu dakika kumi kuanzia hapo.

Hili ni jambo la kufanya na majirani. Mtu mmoja akitumia mapipa mawili, la kuondoa chumvi na la kusuuza, amemaliza lita 400 peke yake. Wenye mashini watano wakikutana siku moja, wote hupita pipa la kwanza, maji yakamwagwa, pipa likajazwa upya na wote wakapita tena. Lita 400 zile zile zimetosha mashini tano, sawa na lita 80 kwa kila moja. Mashini yenye chumvi nyingi zaidi ipite mwisho katika kila mzunguko, na kati ya moja na nyingine onja tone la maji kwa ncha ya ulimi kabla mafuta hayajatanda juu. Yakiwa ya chumvi wazi, yabadilishe. BMU ya kijiji, yaani kamati ya kusimamia ufuo, ndiyo yenye uwezo wa kupanga siku hiyo na kuweka pipa mahali pamoja, na naona hakuna mkutano wa BMU wa mwezi wa Machi unaopaswa kumalizika bila jambo hili kutajwa.

Maji yakitumika yatakuwa na ukungu wa mafuta ya moshi. Yafyonze mafuta hayo kwa matambara kwanza, kisha mwaga maji mbali na pwani na mbali na jabia. Akina mama wa Mkwiro wanalima mwani kwenye maji hayo hayo ya ufuoni, na mbele kidogo ni Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti ambayo ndiyo inayoleta wageni wa boti hizi.

Petroli isilale ndani

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi, vinavyosaidia mashini kuwaka, ndivyo huruka kwanza. Kinachobaki kwenye kabureta hugeuka utomvu wa rangi ya kahawia unaonata, na vitundu vya jeti ni vyembamba mno hata tone moja la utomvu linatosha kuviziba. Mashini ya namna hii ndiyo ile inayovutwa kamba mpaka mkono unauma, ikawaka ukishika choki, na ukiachia inazima.

Kwa mashini ya kabureta, fanya hivi ikiwa bado kwenye pipa la pili: chomoa mpira wa mafuta, iache iendelee kuunguruma mpaka ijizime kwa njaa. Bado kuna petroli chini ya bakuli la kabureta, kwa hiyo fungua skrubu yake ndogo ya chini na umwage iliyobaki kwenye chupa. Mashini za kisasa za four-stroke zenye injeksheni zina sheria nyingine, usizikaushe kwa njia hii. Zitilie dawa ya kutunza petroli, ile inayouzwa maduka ya vipuri, ziungurume nayo dakika kumi ifike kila mahali, na ufuate kitabu chake. Four-stroke pia ibadilishwe oili kabla ya kulala. Oili iliyotumika ina asidi na masizi, na ukiiacha humo unailaza mashini na sumu.

Kisha silinda. Toa plagi, tia kijiko kidogo cha chai cha oili safi kwenye kila tundu, zuia nyaya za plagi zisitoe cheche, na uvute kamba taratibu mara nne au tano ili oili ipake kuta za silinda. Rudisha plagi. Hili huchukua dakika chache, na ndilo linalozuia pete kushikana na silinda kwa kutu.

Petroli iliyosalia kwenye tangi ihesabiwe mapema. Mashini za two-stroke huchanganyiwa oili, nyingi kwa kipimo cha 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili yenye alama ya TC-W3 kwa mtungi wa lita 20. Mchanganyiko huo haufai kutiwa kwenye pikipiki ya four-stroke, utaifukizisha moshi na kuichafua plagi, wala haufai kungojea Oktoba. Wiki za mwisho za Machi nunua kwa lita tano tano badala ya kujaza mtungi, na kilichobaki mpe jirani ambaye boti yake ya kuvusha inaendelea na kazi. Petroli yoyote isiwekwe ndani ya nyumba ya kulala wala karibu na jiko, na isitiwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto hajui tofauti.

Gia ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote, na hapo ningependa msomaji atulie. Kwenye mguu wa mashini kuna skrubu mbili, moja chini na moja juu. Weka beseni, fungua ya chini, kisha ya juu ili hewa iingie na oili iteremke. Itazame ikishuka. Ikiwa ya rangi ya asali au nyeusi kidogo, ni kazi ya kawaida. Unga laini wa chuma kwenye ncha ya skrubu si wa kuogopesha, ila vipande vinavyoonekana kwa jicho ni habari ya fundi. Lakini ikishuka nyeupe, yenye sura ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ukiilaza hivyo, maji yatatua chini na bearingi zitalala ndani yake miezi mitano. Maji huingia mara nyingi kwa sababu ya kitu kidogo mno: mshipi wa kuvulia au uzi wa nyavu uliojizungusha kwenye shafti nyuma ya propela na kukata sili. Kwa kuwa propela tayari umeitoa, chungulia hapo, kata uzi wote kwa ncha ya kisu bila kugusa sili, na kama sili imeshakatwa badilisha sasa. Fundi wa Shimoni ana nafasi ya kukusikiliza Mei kuliko Oktoba, wakati kila mtu anamtaka.

Oili mpya ya gia huingizwa kupitia tundu la chini, ikapanda polepole mpaka itoke tundu la juu bila mapovu. Ukimimina kutoka juu utafungia hewa ndani na kudhani imejaa. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uondoe mrija wa chini na ufunge haraka. Washa za skrubu ziwe mpya. Paka grisi ya baharini kwenye meno ya shafti kabla ya kurudisha propela, la sivyo msimu ujao itatoka kwa nyundo. Kagua na vipande vya zinki vilivyofungwa mguuni: vimewekwa viliwe badala ya mashini, na kilichoisha nusu kibadilishwe. Usivipake rangi, rangi huvizuia kufanya kazi yao.

Mahali pa kulala

Mashini ilale imesimama wima, kwenye fremu ya mbao, ili maji yaliyobaki yateremke yenyewe. Kama lazima ilazwe, kichwa kiwe juu kuliko mguu, na ya four-stroke ilazwe upande ulioandikwa kwenye kitabu chake tu, oili isije ikaingia kwenye silinda. Chumba bora ni chenye kivuli na upepo unaopita. Turubai la nailoni lililofungwa mpaka chini linaonekana ni ulinzi, kumbe linafungia mvuke wa masika ndani na mashini hutoka jasho kila usiku. Tumia shuka zito au kanga kuukuu iliyofuliwa ikatoka chumvi, na acha chini wazi. Magunia yaliyobeba samaki au mwani mkavu yana chumvi ndani yake, hayafai.

Chini ya kava la kichwa, puliza dawa ya kuzuia kutu kwenye nyaya na viungo vya chuma. Wapo wanaopaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye mashini nyingine. Haifai, kwa asidi ile ile niliyotaja na kwa matone yanayoingia mchangani.

Viumbe pia wana haja na mashini iliyotulia. Nyigu wanapenda vitundu, na kiota cha udongo kwenye tundu la mchirizi wa maji huzuia maji vizuri kuliko chumvi yoyote. Ziba tundu hilo kwa kitambaa chekundu chenye mkia mrefu ili usisahau kukitoa. Panya hutafuna nyaya. Kuku wakizoea kulala juu ya kava, kinyesi chao hula rangi na kisha alumini. Chumba chenye mlango ni bora kuliko kibanda kilicho wazi, na mlango husaidia pia dhidi ya wezi. Namba ya mashini iandike mahali mbali na mashini yenyewe.

Kama mashini yako inawashwa kwa betri, betri itoke. Chomoa waya wa hasi kwanza. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi; ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe, kwa sababu betri inayokaa na njaa huota ukoko kwenye bamba zake na hairudi. Joto la pwani huifanya ipoteze chaji upesi kuliko vitabu vya nchi za baridi vinavyosema. Paneli ndogo ya sola yenye kontrola inatosha kuishikilia msimu mzima. Ukiongeza maji, yawe ya betri ya dukani. Ya jabia yana chokaa.

Chombo chenyewe kipandishwe kwa maji ya bamvua, ambayo hufika juu pwani na kupunguza kazi ya mabega, na kisha kisogezwe zaidi ya alama ya mwisho ya maji, kwani bamvua la kusi likisukumwa na upepo hupanda kuliko ulivyozoea. Toa nguruzi. Boti yenye nguruzi mahali pake huwa jabia wakati wa masika, na uzito wa maji hayo hupasua ubavu juu ya magogo. Boti ya mbao iwekwe chini ya kivuli cha makuti, jua la moja kwa moja hufungua maungio na kalafati ikatoka. Ya fibaglasi haina shida hiyo, lakini nayo haipendi jua. Huu ni wakati mzuri pia wa kuandaa makaratasi ya ukaguzi wa Kenya Maritime Authority kwa boti za abiria, badala ya kukimbizana nayo wageni wakiwa wamesimama gatini.

Wenye kwodi, zile pikipiki za magurudumu manne, za kukodisha Diani na wenye pikipiki za kuegeshwa Shimoni wanaweza kuchukua mengi ya hapo juu jinsi yalivyo: maji matamu chini ya bodi ambako mchanga wa ufuoni umejificha, kabureta tupu, betri nje, kijiko cha oili kwenye silinda. Yao ya ziada ni matairi na cheni. Iinue kwodi kwenye vigogo magurudumu yasiguse sakafu, maana matairi yake hujazwa upepo mdogo, mengi chini ya psi 6, na yakikaa na uzito miezi mingi hubonyea upande mmoja. Cheni ioshwe, ikauke kabisa, ndipo ipakwe oili.

Mara moja kwa mwezi, mwezi unapoandama ili usisahau, ifunue mashini. Plagi zikiwa nje, vuta kamba polepole mara mbili. Ndani ya pampu kuna impela, raba yenye mabawa yaliyokunjwa, na ikikaa mkao mmoja muda mrefu mabawa hubaki yamekunjwa hivyo hivyo. Usiizungushe shafti kinyume kwa mkono, mabawa hupinduka na kuvunjika. Wala usijaribu kuiwasha ikavu ili usikie kama ni nzima. Impela bila maji huungua kwa sekunde chache.

Siku ya kuamsha

Usingojee mteja wa kwanza. Anza mwishoni mwa Septemba. Toa kitambaa chekundu, pitisha uzi wa nailoni mnene kwenye tundu la mchirizi, minya pampu ya mkono ya mafuta uone kama mpira umepasuka. Plagi zitoke, kamba ivutwe mara kadhaa kutema oili ya silinda, zifutwe au zibadilishwe. Petroli iwe mpya, iliyochanganywa siku hiyo.

Iwashe kwenye pipa, si kwenye boti. Itatoa moshi mwingi kwa dakika chache, ni ile oili uliyoiweka, usishtuke. Cha kutazama ni mchirizi. Usipotokea ndani ya dakika moja, zima mara moja na ufungue pampu. Impela mpya ni nafuu kuliko silinda.

Safari ya kwanza iwe siku ya maji mafu, ndani ya mkondo kati ya kisiwa na Shimoni. Siku za bamvua maji ya hapo hukimbia kwa nguvu, na si mahali pa mashini kuzimika. Uende na boti nyingine karibu, makasia ndani, majaketi ya kuokolea yavaliwe. Rudi, iache mashini isimame usiku kucha. Asubuhi kabla ya kuitikisa, legeza skrubu ya chini ya gia kidogo tu mpaka tone la kwanza litoke. Maji ni mazito kuliko oili na usiku mzima yamekuwa yakitua chini, kwa hiyo kama sili inavuja, tone hilo la kwanza litakuwa maji. Likiwa oili safi, kaza skrubu.